Mwiko wa Mume Wangu

Jumanne, 5 Agosti

Mayai ya kuchemsha na ndizi. Tena. Tangu tuvuke mpaka pale Tunduma sijatia mdomoni kitu kingine. Leo basi lilisimama Singida, abiria wote wakakimbilia chipsi. Mimi nikaenda nyuma ya kibanda kuangalia mafuta. Nikamuuliza muuzaji kama anakaangia na samaki humo. Akasema leo samaki hawapo. Nikamuuliza, jana je? Akaniangalia kama bwana afya aliyekuja bila sare, akaniambia kama sinunui niwapishe wengine. Nikawapisha.

Mama mmoja wa Shinyanga, tuliyekaa naye kiti kimoja, alinimegea muhogo wa kukaanga. Nikakataa. Nikajaribu kumweleza, nikaishia njiani. Akaninunia mpaka Nzega. Simlaumu. Mtu anakupa chakula kwa mkono wake, wewe unamuuliza kilikaangwa wapi. Hata mimi ningenuna.

Kwenye pochi nina vidonge na sindano moja. Mwape, mume wangu, alinifundisha kuchoma sindano kwa kutumia chungwa, jikoni kwetu Kitwe, Zambia, na mwanetu Chanda akicheka kwamba baba anamtibu chungwa. Wamebaki wawili. Nawawaza.

Kesho nyumbani. Mwaka umetimia tangu baba afariki. Sikumzika. Pasipoti yangu ilikuwa imekwama ofisini kwa watu wa uhamiaji, ikatoka baba akiwa ameshalala ardhini. Mara hii sikosi.

Jumatano, 6 Agosti

Nimefika Kigongo. Daraja limekwisha kweli. Magari yanapita juu bila kupunguza mwendo, na huku chini kwenye gati la zamani kimya. Mama bado anakaanga samaki palepale alipokaangia tangu mimi sijaanza shule. Zamani foleni ya kusubiri kivuko ilikuwa inamlisha. Sasa foleni hakuna. Deo, mdogo wangu, amemwambia ahamie barabarani. Hasikii. Anasema watu watakumbuka.

Alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. Mikono yake ina harufu ileile ya samaki na moshi iliyonilea. Nikaanza kuwashwa shingoni. Nimemkumbatia mama yangu, kisha nikaenda nyuma ya choo kunawa shingo kwa siri. Nimeiandika hapa nione kama ni aibu. Ni aibu.

Mezani, sato mzima. Mkubwa. Mama alimnyima mteja akaniwekea mimi. Nimemweleza kwenye simu sijui mara ngapi, huu mwaka wa tatu sasa: samaki yeyote, hata mchuzi, hata mvuke ukizidi. Alikuwa anasema, pole mwanangu. Leo ndipo nimejua alikuwa ameelewa nini. Anaamini ni samaki wa kule. Maji ya kule, dawa za migodi ya kule. Kuhusu huyu wa ziwa letu alisema, "Huyu hawezi kukudhuru. Huyu anakujua."

Sikula. Sabina, mke wa Deo, akaondoa sahani taratibu. Mama akasema samaki ndiye aliyenisomesha. Ni kweli.

Alhamisi, 7 Agosti

Leo mama alikuja na maharage, uso umechangamka. Akasema nile bila wasiwasi. Nikaweka kijiko kimoja mdomoni, midomo ikaanza kuchomachoma. Nikauliza. Akasema samaki hamna humo, amewatoa wote, umebaki mchuzi tu.

Mchuzi tu.

Nikameza vidonge. Midomo ikavimba nikawa kama nimepigana. Mama aliangalia, akasema ni mbu. Kisha akasema labda nilikuja na mafua. Kisha akasema, kwa sauti ya chini akimwambia Sabina lakini mimi nikiwa palepale, kwamba mtu akikaa sana ugenini hata chakula cha kwao kinamkataa. Jirani aliyekuja kuomba moto akadakia kwamba mwacha asili ni mtumwa. Watu wana methali kwa kila kitu isipokuwa huruma.

Nimelala njaa. Nyumbani kwa mama yangu, mpika chakula, nimelala njaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane. Deo hakufungua karakana, ila nilimfuata hukohuko Igoma. Anachomelea mageti. Yeye hakunicheka. Alinisikiliza huku akikuna kichwa, kisha akachukua kipande cha bati nene akanitengenezea jiko dogo la mkaa. Nikanunua sufuria, sahani, kijiko, kisu. Vyote vipya. Nikanunua mchele na njegere. Nikarudi Kigongo nimebeba jiko kama bibi harusi aliyerudishwa kwao.

Nilipika nyuma ya nyumba, upande ambao upepo hautoki kwenye moto wa mama. Wali na njegere. Nikala nikashiba. Nilikuwa karibu kulia kwa shibe.

Mama alipita na ndoo, akaangalia jiko langu, akaendelea. Nilifikiri yamekwisha.

Jumapili, 10 Agosti

Hayajaisha. Baada ya misa wamama wa jumuiya walimzunguka mama, wakimpa pole. Nilidhani ni pole ya baba. Kumbe ni pole yangu mimi. Sabina ndiye aliyenieleza tukiwa njiani, kwa uchungu, maana ni mtu mwema na hapendi maneno. Kwamba Kigongo nzima inajua: Perpetua amerudi kutoka Zambia na jiko lake, anapika peke yake. Kwetu mtoto mkubwa hapiki chungu chake kwenye ua wa mama yake ila kwa sababu moja. Anaogopa mkono wa mama yake. Kwa maneno mengine, nimemtangaza mama kuwa mchawi, na nimefanya hivyo mchana, kwa moshi.

Sikuwahi kuliwaza hilo. Nimezaliwa hapa, nimekulia hapa, na sikuliwaza. Nilikuwa nawaza mafuta na masufuria.

Mwape amepiga simu. Akaniambia amekula samaki kibarazani, amenawa kwa limau, amepiga mswaki, amemwosha na Chanda, ingawa mimi siko hata karibu. Mazoea. Akacheka. Mimi sikuweza kucheka. Mwanaume wa watu, hakunizaa, anakula nje ya nyumba yake mwenyewe kwa ajili ya koo langu. Sikumwambia ya huku.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimekuta sufuria yangu imelowekewa dagaa.

Hakuna aliyekusudia ubaya. Hapa sufuria ikishaingia ndani ni ya nyumba. Sabina alihitaji chombo, akachukua kilichokuwa karibu. Akaomba radhi mpaka nikamhurumia. Nimeisugua, lakini siiamini tena. Nimerudi kwenye mayai.

Jioni mama aliniita chumbani kwake. Akafunga mlango. Akaanza na kumbukumbu ya Jumamosi, na nikajua tunakokwenda.

Kwetu mwaka wa marehemu ukitimia, kabla wageni hawajala, watoto wake wanakaa mkekani na kuzunguka sinia moja. Ugali na samaki. Mzaliwa wa kwanza anakata tonge la kwanza, wadogo wanafuata, na watu wote wanaangalia. Hapo ndipo ukoo unahesabu watoto wa mtu. Asiyetia mkono kwenye sinia, huyo si wa marehemu. Nimeona watu wakisafiri kutoka Dar na Nairobi kwa ajili ya tonge hilo. Niliona pia mtu mmoja aliyezuiwa, na hakuonekana tena pwani hii.

Mzaliwa wa kwanza ni mimi. Sikumzika baba. Nimebakiwa na sinia tu.

Nilimwambia mama nitakata ugali upande wangu, sitagusa samaki, na kama wangeweka ugali wangu pembeni bila mchuzi, ningetia mkono na watu wangeona. Akatikisa kichwa. Akasema tonge moja tu. La baba. Akasema siku ya mazishi watu waliuliza niko wapi, akawajibu. Jumamosi hatakuwa na cha kuwajibu.

Nikamwambia tonge hilo moja linaweza kuniua. Akaniangalia vile mtu anavyomwangalia mtoto anayesema kuna chui uvunguni.

Hasira. Hasira tupu. Hata sijui namkasirikia nani.

Jumanne, 12 Agosti

Hakuna jipya. Turubai limeletwa. Mayai. Mama anaimba nyimbo za kanisani akipepeta mchele wa Jumamosi, na hanisemeshi ila kuniuliza kama nimeoga.

Jumatano, 13 Agosti

Zahanati. Dripu imetundikwa mkono wa kushoto, kwa hiyo naweza kuandika. Woga nimeshaumaliza asubuhi.

Sabina alinipikia uji. Kwa moyo mzuri, kwa sababu ameniona napungua. Alitumia sufuria ya chai ambayo haijawahi kuona samaki. Nilimuuliza unga ni wa nini. Akasema unga wa lishe wa mtoto wake: mahindi, ulezi, soya. Nikamuuliza hakuna dagaa? Akasema hamna, kwa anavyojua yeye. Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua mchicha. Hakuinua kichwa. Nikanywa.

Nilifika nusu ya kikombe. Kwanza masikio yakawaka moto. Kisha ulimi ukawa mkubwa kuliko mdomo. Kisha hewa ikawa inaingia kwa shida kama inapita kwenye mrija. Nilijua. Nikatafuta pochi, nikamwaga kila kitu chini, nikaichoma sindano pajani juu ya sketi kama nilivyolichoma chungwa. Nakumbuka Sabina akipiga kelele barabarani kuita bodaboda. Nakumbuka tumepakiana mshikaki, mimi katikati, mama nyuma amenishika kiunoni, na pumzi yake sikioni inasali.

Hapa walikuwa na dawa. Namshukuru Mungu na mganga wa zamu. Mwili mzima una mabaka na vipele, macho yameziba nusu.

Mama alikaa kwenye benchi pembeni yangu. Kisha akasema, "Unga niliupeleka mashineni mimi. Dagaa nilitia kwa mkono wangu. Nilifikiri usipojua, hutaumwa."

Nikageukia ukutani. Ningeweza kumwambia maneno ambayo yasingerudi. Koo halikuruhusu. Labda ni bora.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeruhusiwa. Nimerudi nyumbani nimeegemea bega la Sabina, na uani nikamkuta Shangazi Veronika, dada mkubwa wa baba, amewasili kutoka Ukerewe na mzigo wake kichwani hajautua. Yeye ndiye mwenye neno la mwisho kwenye ukoo huu. Hata baba alikuwa anamwogopa.

Nikamwamkia. Hakuitikia marahaba. Akanishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye jua, akapandisha mkono wa blauzi yangu akaviangalia vile vipele kimoja kimoja. Akauliza nimekula nini. Mama akafungua mdomo kueleza kuhusu ugonjwa, hospitali za Zambia, mambo ya mzio. Shangazi akamkata. Akasema yeye vipele hivi anavijua. Sisi ukoo wetu hatuli nyama ya pongo, na alipokuwa binti aliona mtu wetu aliyelishwa pongo bila kujua, akatoka hivihivi, mabaka na macho kuziba. Hivi ni vya mtu aliyekula mwiko.

Kisha akaniuliza, "Mumeo ni wa ukoo gani?"

Nikajibu kweli tupu. Ukoo wa Samaki. Ndivyo unavyoitwa, kwa lugha yao. Mwape anautaja kwa utani, huku akinyonya kichwa cha samaki. Sikufika kwenye kichwa cha samaki. Shangazi alikuwa ameshajipiga paja.

"Na ninyi mmekaa na mke wa watu mnamlisha samaki."

Nyuso zikabadilika zote kwa mpigo. Mama akakaa chini. Sabina akashika kinywa. Yule jirani wa methali, aliyekuwa amekuja kuniona nilivyovimba, akasema sasa ameelewa.

Kabla chai haijapoa masufuria yote yalikuwa nje yanasuguliwa kwa majivu. Samaki wa Jumamosi wakahamishiwa kwa jirani, wakapikiwe huko. Mama akaenda kuoga, akabadilisha nguo, akafunga kitambaa kipya kichwani, ndipo akanikaribia. Wakaniwashia moto wangu pekee, wakaninunulia sufuria nyingine, na Shangazi akatangaza kwamba atakayeigusa atamjua yeye ni nani. Kuku akachinjwa. Hakuna aliyenuna. Kupika peke yangu si uchawi tena, ni heshima. Wamama wa jumuiya wamekuja jioni kunipa pole, na safari hii pole ilikuwa kweli yangu. Wakamsifu mume wangu kwa kuniachia nisafiri peke yangu na mwiko mzito namna hiyo.

Wiki nzima niliomba. Nikaeleza kwa lugha ya daktari, kwa lugha ya mtoto, kwa machozi. Nikavimba mbele yao. Mwili wangu haukutosha. Umetosha ukoo wa mwanaume ambaye hata mmoja wao hajawahi kumwona.

Nimekula kuku. Alikuwa mtamu sana. Hilo nalo limeniuma.

Ijumaa, 15 Agosti

Mchana Shangazi alinikalisha akaongea nami kwa upole, upole ambao sijawahi kuuona kwake. Akasema mtu hawezi kubeba miiko miwili mkononi. Mwiko wa mumeo ukishakushika hivyo, mpaka kwenye ngozi, basi umeshavuka. Sinia la kesho ni la watoto wa baba. Mimi nitakaa na wakwe, upande wa wageni wa heshima. Deo atakata tonge la kwanza. Akasema nisihuzunike, ndivyo binti anavyoolewa kweli, wengine wanaolewa mdomoni tu.

Kwa hiyo ndiyo hayo. Nilikuja kwa ajili ya sinia. Nimeokolewa kwa kuondolewa kwenye sinia.

Nilikaa nikawaza. Neno moja tu lingebadilisha yote: Mwape anakula samaki. Ukoo mzima wa Mwape unakula samaki. Hakuna mwiko. Kuna koo langu linaloziba. Wakinielewa, nitakaa mkekani na ugali wangu pembeni kama nilivyoomba. Wasiponielewa, tumerudi kwenye tonge moja. Lakini nilitaka mtu mmoja aujue ukweli, na nilitaka awe mama.

Nikamkuta kisimani anasugua mikono kwa mchanga. Anaisugua hivyo tangu jana, imekuwa myekundu. Nikachuchumaa, nikamwambia polepole, "Mama, Mwape anakula samaki. Kule hatuna mwiko huo."

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonimaliza. Hakushtuka hata kidogo. Aliendelea kusugua, kisha akasema bila kuniangalia:

"Nyamaza, mwanangu. Mwiko nilikuwa siujui. Ugonjwa uliniambia."

Nilikaa nimechuchumaa mpaka miguu ikafa ganzi. Nilichelewa kuelewa, halafu nikaelewa kila kitu. Ikiwa ni mwiko, basi mama ni mtu aliyekosea bila kujua, na wazee wa upande wa Mwape watamsamehe. Ikiwa ni ugonjwa, basi mtoto wake alimweleza miaka mitatu, akamweleza tena mezani, akavimba mbele yake, na yeye akatia dagaa kwenye unga akanyamaza akichambua mchicha. Hawezi kulala na hilo. Nani angeweza?

Anataka mwiko kuliko anavyonitaka mimi kwenye sinia. Na mimi nina uwezo wa kumnyang'anya.

Nilimchukia. Naandika ilivyo. Nilimchukia pale kisimani kwa muda, nikiangalia ile mikono. Kisha nikachukua kata nikammiminia maji asuuze. Tukabeba ndoo.

Jumamosi, 16 Agosti

Misa ilikuwa nzuri. Padri alisema baba alikuwa mtu wa watu. Kaburi limejengewa, tarazo ya kijivu, msalaba mweupe. Nilishika tarazo. Ilikuwa na joto la jua. Nikamwambia baba nimefika.

Nikaketishwa chini ya turubai upande wa wakwe, katikati ya wazazi wa Sabina na mzee mmoja wa Busisi nisiyemjua. Nikanawishwa mikono wa kwanza. Mkeka ukatandikwa pale mbele, sinia likatoka kwa jirani limefunikwa. Walipolifunua, upepo ulikuwa unaelekea ziwani. Shangazi alihakikisha hilo mwenyewe.

Deo alikaa. Akawaangalia watu, kisha akaniangalia mimi, na nikaona hajui afanye nini na mkono wake. Nikamwashiria kwa kichwa. Akakata tonge.

Shangazi akahesabu kwa sauti, kama desturi. Watoto wa marehemu ni wawili, akasema: Deogratias, na mwingine yuko kwa watu. Watu wakaitikia. Mzee wa Busisi akaninong'oneza kwamba nimelelewa vizuri, wanawake wa siku hizi hawashiki mwiko wa mume.

Nikamshukuru.

Jumapili, 17 Agosti

Kusafisha. Kurudisha viti. Vipele vimeanza kukauka. Nimempa Sabina jiko la Deo, na amefurahi.

Jumatatu, 18 Agosti

Basi linaondoka asubuhi kutoka mjini, kwa hiyo tulitoka Kigongo kukiwa na umande. Shangazi alikuja, Sabina alikuja, na majirani wawili. Mama alikuwa amenifungia viazi vitamu na kuku kwenye chombo kipya chenye mfuniko, na juu yake ametandika kitambaa cheupe. Alivibeba yeye mwenyewe mpaka stendi, amevishika mbele yake kwa mikono miwili, mbali kidogo na nguo zake.

Tuliongea mambo ya kawaida. Chanda aanze shule lini. Mvua za huko zinaanza mwezi gani. Mama akasema safari ijayo nije na mtoto. Nikasema sawa. Alitaka kunikumbatia, akasita, akaangalia mikono yake, akanishika ncha za vidole.

Nilipanda, nikakaa dirishani. Akanipitishia kile chombo. Wote walikuwa wamesimama pale wanasikiliza.

"Msalimie mumeo," akasema. "Mwambie mwiko wake tumeushika."

Nikasema nitamwambia. Shangazi akaitikia kwa kichwa, wakaridhika wote. Mama alikuwa anaangalia tairi la basi, na hakuinua macho mpaka tulipoondoka.